Siku ya Kwanza Istanbul na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unashughulikia siku moja tu: tangu ndege inapotua mpaka watoto wanapolala. Umeandikwa kwa familia zinazotoka Afrika Mashariki zikiwa na watoto wadogo, na pengine bibi au shangazi kwenye msafara. Habari za viza hazimo, kwa sababu masharti hutegemea pasipoti na hubadilika. Zitazameni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, si kwenye tovuti za mawakala zinazofanana nayo. Mengine yote yanaongozwa na msimamo mmoja ambao huenda usimpendeze baba wa familia: siku ya kwanza si ya makumbusho.

KUTUA NA KUTOKA UWANJANI

Tunatua alfajiri, lakini hoteli inasema chumba kitakuwa tayari 14:00. Saa zote hizo tutakaa wapi?

Hili ndilo tatizo kubwa la siku nzima, na wengi huligundua wakiwa wamesimama mapokezi na mtoto anayelia. Ndege nyingi zinazokwenda Istanbul kutoka kwetu huondoka usiku, husafiri karibu saa saba, na kutua kukiwa bado mapema. Hiyo 14:00 ni saa nane mchana. Mnaweza kuwa mlangoni saa mbili asubuhi.

Kwanza, waandikieni hoteli siku kadhaa kabla muombe kuingia mapema. Hoteli ndogo nyingi hukubali bila malipo chumba kikiwa wazi, ila hawatawaahidi. Pili, lipieni usiku uliotangulia. Kama mnatua Jumamosi alfajiri, hifadhini chumba kuanzia Ijumaa, kisha waambieni kwa maandishi kwamba mtafika asubuhi ya Jumamosi, wasije wakadhani hamkutokea wakakigawa. Tatu, acheni mizigo mapokezi, jambo ambalo hoteli karibu zote hulikubali bure, mkapate kifungua kinywa na kukaa mahali pa wazi mpaka wawaite.

Kama mna mtoto mchanga au mzee, chagueni njia ya pili hata kama itabidi mpunguze usiku mmoja mwishoni mwa safari. Usiku wa mwisho mtakuwa mmeshauzoea mji, na hautawauma kama ile asubuhi ya kwanza bila kitanda.

Vyovyote vile, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtu, miswaki, taulo ndogo na dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Mkianza kufungua masanduku makubwa katikati ya ukumbi wa hoteli, hamtayafunga tena.

Tutasumbuliwa na tofauti ya saa?

Hapana. Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi tangu 2016, hivyo mwaka mzima saa ya Istanbul ni ileile ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wanaotoka Kigali, Bujumbura au Lubumbashi wataongeza saa moja. Uchovu mtakaousikia ni wa kukosa usingizi kwenye ndege, na huo unaponywa kwa kulala.

Kinachochanganya ni jua. Sisi tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na ushei, Januari mpaka Desemba. Istanbul mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi Juni huzama baada ya saa mbili na nusu usiku, na Isha hupita saa nne. Ratiba yenu ya siku ya kwanza ipangeni kwa kuangalia mwezi mnaosafiri.

Tunatua uwanja gani?

Someni tiketi. Istanbul ina viwanja viwili vya kimataifa: Istanbul Airport (IST) ulio upande wa Ulaya, uliofunguliwa Oktoba 2018, na Sabiha Gökçen (SAW) ulio upande wa Asia. Mkipanga gari liwasubiri uwanja mmoja nanyi mkatokea mwingine, kati yenu kuna mji wa watu zaidi ya milioni 15.

Bibi hawezi kutembea mwendo mrefu. Itakuwaje?

IST ni mkubwa mno. Kutoka mlango wa ndege mpaka dirisha la pasipoti ni mwendo wa kuchosha hata kwa kijana. Ombeni kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege mapema, angalau saa 48 kabla ya safari. Huduma hiyo ni bure. Bibi akikataa kwa kuona aibu ("mimi si mgonjwa, mwanangu"), mwambieni ukweli: mhudumu anayesukuma kiti huwa na njia zake, na mara nyingi familia inayoongozana naye hupita bila kukaa kwenye foleni ndefu. Atakubali.

Kutoka uwanjani kwenda mjini tupande nini?

Inategemea mko wangapi na mmebeba nini.

Kutoka IST kuna metro, njia ya M11, inayofika Gayrettepe tangu Januari 2024. Hapo mnabadilisha kwenda M2 kuelekea Taksim. Ni nafuu, na kwa vijana wawili wenye mabegi ya mgongoni hakuna kizuri zaidi. Kwa familia yenye masanduku manne na mtoto aliyesinzia begani, siishauri. Stesheni ya uwanjani iko mbali na mlango wa kutokea, na pale Gayrettepe mnatembea tena kwenye mahandaki marefu. Kuna pia mabasi ya Havaist yanayoweka mizigo chini kwenye buti. Ni mazuri kama hoteli yenu iko Taksim, karibu na kituo.

Teksi za manjano huruhusiwa kubeba abiria wanne, na dereva hatakubali kubanana kama tunavyofanya nyumbani. Tena nyingi zinatumia gesi, na mtungi wake umekaa kwenye buti, hivyo masanduku mawili makubwa yameshajaa. Za rangi ya feruzi ni ghali kidogo kuliko za manjano, na nyeusi, ambazo ni kubwa, ni ghali zaidi. Zote zina mita. Dereva akitaja bei ya jumla kabla ya kuwasha mita, shukeni.

Mkiwa watano au zaidi, agizeni gari dogo la abiria kupitia hoteli kabla ya kuondoka nyumbani, mkubaliane bei, na ombeni kiti cha mtoto kwa sababu teksi za kawaida hazina. Dereva atasubiri na kibao chenye jina. Mkigawanya kwa vichwa, tofauti na teksi mbili ni ndogo. Hadi Sultanahmet, mtaa wa kale wa watalii, ni zaidi ya kilomita 40. Foleni ikiwa mbaya, saa moja na nusu inaisha.

Mnaotua Sabiha Gökçen mna metro ya M4 mpaka Kadıköy tangu 2022, na kutoka Kadıköy kuna feri.

Na simu? Tutawasiliana vipi na dereva?

Nunueni eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) kabla ya kuondoka nyumbani na muiweke kwenye simu mkiwa bado na intaneti ya nyumbani. Laini zinazouzwa pale ukumbi wa kuwasili zina bei ya kukomoa wageni. Intaneti ya bure ya uwanjani ni ya muda mfupi na hutaka msimbo, ambao mnaupata kwa kuskani pasipoti kwenye mashine. Simu moja yenye data inatosha siku ya kwanza; wengine wataunganishwa nayo. WhatsApp inafanya kazi kama kawaida.

Jambo moja linalowashangaza wengi: tangu 2017, kwa amri ya mahakama, Booking.com haiuzi vyumba vya hoteli za Uturuki kwa mtu aliyeko ndani ya Uturuki. Kila usiku mnaoutaka uhifadhini kabla hamjasafiri, na picha ya uthibitisho iwe kwenye simu, pamoja na anwani ya hoteli kwa Kituruki.

Tubebe shilingi, dola au nini?

Shilingi ziacheni nyumbani, hakuna atakayezibadilisha kwa bei ya maana. Bebeni dola au euro, noti safi zisizochanika. Uwanjani badilisheni kidogo tu, za chakula na teksi, kwa kuwa bei yake ni mbaya. Kiasi kikubwa kibadilisheni mjini kwenye maduka yenye neno *döviz*. Kadi za benki zinapokelewa karibu kila mahali. Iarifuni benki yenu kabla ya kusafiri. ATM au mashine ya dukani ikiwauliza mlipe kwa lira au kwa fedha ya kwenu, chagueni lira kila mara. Ile nyingine inaonekana ya kirafiki lakini ndani yake kuna bei waliyojipangia wenyewe.

HOTELINI NA TUMBONI

Chaja zetu zitaingia?

Za pini tatu za mraba, tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda, haziingii. Uturuki wanatumia pini mbili za duara. Bebeni adapta mbili na kebo ya kuongeza soketi. Simu za familia nzima haziwezi kupanga foleni kwenye tundu moja. Umeme wenyewe ni volti 220 hadi 230, hakuna kitakachoungua.

Wanachukua pasipoti zetu mapokezi. Ni sawa?

Ni kawaida, hoteli hutakiwa kuandikisha wageni. Wakishanakili, zirudishwe mikononi mwenu siku hiyohiyo.

Tubebe kigari cha mtoto?

Kama hoteli iko Sultanahmet au Galata, hapana. Mitaa ni ya mawe, ina miinuko mikali, na vijia vya waenda kwa miguu huishia ghafla mbele ya gari lililoegeshwa. Mbeleko au kanga mgongoni inashinda kigari chochote. Na mkihifadhi hoteli kwenye majengo ya zamani ulizeni kuhusu lifti. Baadhi hazina, na nyingine zina ya mtu mmoja na sanduku lake.

Maji ya bomba yanafaa kunywa?

Wenyeji wengi wenyewe hununua ya chupa. Tafuteni duka la BİM, A101, Şok au Migros karibu na hoteli, nunueni dumu la lita tano, na jazeni chupa za watoto kutoka humo. Chupa ndogo za mitaani, penye watalii wengi, zitawamaliza fedha taratibu bila kujua.

Vyooni kuna maji?

Yapo, alhamdulillah. Choo cha kukalia cha Kituruki kina kijibomba kidogo ndani, na koki yake iko ukutani pembeni. Waonyesheni watoto kabla hawajaifungua kwa nguvu zote. Vyoo vya umma vingi vinatoza kiasi kidogo, basi muwe na sarafu. Misikiti karibu yote ina vyoo na mahali pa kutawadhia.

Watoto wetu ni wa wali na maharage. Watakula nini?

Wali na maharage. Sitanii. *Kuru fasulye* ni maharage meupe kwenye mchuzi wa nyanya, na huliwa na *pilav*, wali uliopikwa kwa siagi. Ni chakula cha kila siku cha Waturuki, na mtoto aliyelelewa Morogoro au Kisumu hatauliza maswali.

Mahali pa kuvipata ni *lokanta*, hasa zile za mafundi na wauza maduka. Vyakula vimepangwa kwenye sinia za moto nyuma ya kioo, mnanyoosha kidole, mnapakuliwa. Bibi asiyejua neno la Kituruki wala Kiingereza ataagiza mwenyewe, na hakuna kusubiri jikoni huku watoto wakigombana. Supu ya dengu, *mercimek*, iagizeni hata kama hamjui mtakula nini kingine. Ina ndimu pembeni, na baada ya usiku wa ndege inashuka vizuri kuliko nyama. Pilipili wanayo lakini ni ya upole. Aliyezoea mbuzi na ukwaju ataona chakula kimepoa.

Asubuhi, kabla chumba hakijawa tayari, nunueni *simit*, mkate wa duara wenye ufuta unaouzwa kwenye vigari barabarani. Kifungua kinywa kamili cha Kituruki, chenye vibakuli vya jibini, zeituni, asali, mayai, matango na nyanya, ni kizuri mno ila huchukua muda. Wekeni siku ya pili.

Mikahawa iliyo mkabala na misikiti mikubwa ya Sultanahmet, yenye kijana mlangoni anayewaita "dada, kaka, karibuni" kwa lugha saba, iepukeni siku ya kwanza mkiwa na njaa. Penda msipende mtakaa. Samaki akiuzwa kwa uzito, ulizeni bei yake kabla hajaingia kwenye mafuta.

Chai ya maziwa ipo?

Haipo. Chai ni kavu, kali, kwenye kigilasi kidogo chenye kiuno, na sukari ya vipande pembeni. Mnaweza kuomba maziwa (*süt*), mtaletewa, na mhudumu atatazama kwa huruma. Mama asiyeamka bila chai ya maziwa na tangawizi abebe majani yake na birika dogo la umeme.

Nyama ni halali?

Kwa kawaida ndiyo, kuku, ng'ombe na kondoo. Nyama ya nguruwe ni adimu na huandikwa wazi. Pombe inauzwa kwenye baadhi ya mikahawa. Lokanta nyingi hazina.

MCHANA NA JIONI

Tumelipa fedha nyingi kufika. Kwa nini tusianze na Ayasofya siku hiyohiyo?

Kwa sababu mtalipa ili mkasimame kwenye foleni na watoto wanaosinzia. Ayasofya ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, chini ya Kaisari Justinian, ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na ikarudi kuwa msikiti Julai 2020. Haiendi popote. Jengo kama lile linahitaji shingo yenye nguvu ya kutazama juu na mtoto anayeweza kuuliza "nani alijenga?" akasikiliza jibu. Mtoto ambaye hakulala atauliza lini mtatoka, na mtamgombeza ndani ya jengo mlilovuka mabara kuja kuliona.

Nimeona familia zikifanya Ayasofya, jumba la masultani la Topkapı na soko kubwa kabla ya jua kuzama siku ya kutua. Picha wanazo. Siku ya pili hushinda hotelini, mmoja ana homa na wawili hawasemezani.

Basi tufanye nini?

Laleni kwanza, chumba kikipatikana. Saa mbili, si tano. Wekeni kengele, la sivyo usiku mtakesha. Kisha nendeni kwenye feri.

Pandeni tramu ya T1 mpaka Eminönü. Feri za abiria za kwenda Üsküdar na Kadıköy zinaondoka kila baada ya muda mfupi, na safari ni dakika 20 hivi. Hizi si boti za watalii, ni usafiri wa watu wanaorudi makwao kutoka kazini, kama pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni, ila huku mnakaa kwenye benchi na mtu anapita na sinia la chai. Nauli ni ya kadi ileile ya tramu. Boti za mizunguko mirefu ya mlango-bahari wa Bosphorus, ambazo wapiga debe watawavuta mkono pale gatini, ziacheni siku nyingine.

Kaeni nje, upande wenye upepo mdogo. Shakwe watafuata feri, watu watawarushia vipande vya simit, na watoto watashughulika kwa dakika zote 20 bila simu. Mkiitazama ncha ya nchi kavu mliyoiacha nyuma, mnaona minara ya Topkapı, halafu Ayasofya, kisha Msikiti wa Sultan Ahmet wenye minara sita. Picha ambayo wengine wanaitafuta juu ya mapaa ya hoteli iko hapa, kwa nauli ya kwenda kazini.

Kwa mtoto anayesoma historia kuna la kumsimulia. Dola ya Waosmani, iliyotawaliwa kutoka Topkapı, ndiyo iliyokuwa nyuma ya Ali Bey, nahodha aliyetoka Yemen akafika pwani yetu miaka ya 1580 kuwashawishi watu wa miji ya Waswahili wawakatae Wareno. Wareno walimkamata Mombasa mwaka 1589, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Mtoto wa Mombasa anayeijua ngome ile atalitazama jumba la ng'ambo kwa jicho jingine.

Mkifika Üsküdar mko Asia. Tembeeni ufukweni, nunueni mahindi ya kuchoma (yapo, na chestnati wakati wa baridi), mrudi na feri inayofuata. Siku imetosha.

Hatupendi bahari. Kuna kingine cha bure?

Bustani ya Gülhane, chini ya ukuta wa Topkapı, ina nyasi na vivuli. Au uwanja ulio mbele ya Msikiti wa Sultan Ahmet, ambao zamani ulikuwa uwanja wa mbio za magari ya farasi. Bado una mnara wa jiwe wa Wamisri wa kale, wa zama za Thutmose III, uliosimamishwa hapo mwaka 390. Hakuna tiketi, na watoto wanakimbia.

Kadi ya usafiri tunaipata wapi, na kila mtu awe na yake?

Inaitwa Istanbulkart. Mashine ziko kwenye vituo vya tramu na metro, zina lugha ya Kiingereza. Kadi moja ya kawaida, isiyo na jina, inaweza kugongwa mara kadhaa kwa watu mliofuatana, hivyo familia inaweza kuanza na moja au mbili. Mpeni kadi mtoto mkubwa awe kondakta. Atajiona mtu.

Tukitaka kuswali tu, je, tutalipa Ayasofya?

Hapana. Anayekuja kuswali anaingia bure ukumbi wa chini. Tangu Januari 2024 watalii wana mlango wao na tiketi ya euro 25 ya kupanda roshani ya juu. Msikiti wa Sultan Ahmet, uliojengwa kati ya 1609 na 1616, ni bure kwa wote, ila hufungwa kwa watalii nyakati za sala, na Ijumaa asubuhi mpaka sala iishe. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake wawe na mtandio, viatu mkononi. Mwenye kanga kwenye begi ana kila kitu. Uwanjani IST tafuteni neno *mescit* kwa chumba cha sala.

Dada yangu ana orodha ya Laleli. Anaweza kwenda jioni hiyo?

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba wanaijua Laleli, mtaa wa maduka ya nguo, na Merter pia. Ndiyo maana nasema hapana. Biashara ile ni ya jumla, inataka akili iliyolala na miguu iliyopumzika. Akienda, atarudi na magunia kabla ya familia haijaona hata msikiti mmoja.

Watu wanawashika watoto wetu mashavu na nywele. Tufanyeje?

Mtalikuta hili, pengine ndani ya saa ya kwanza. Waturuki wanawapenda watoto waziwazi: mhudumu atambeba mtoto wenu mpaka jikoni, mama mzee kwenye tramu atampa pipi. Hilo ni pendo, lipokeeni mkitaka. Kuomba picha na mtoto kwa sababu ya rangi yake au kusuka kwake ni jambo jingine. Wengi hawana nia mbaya, lakini mtoto si kivutio. *Hayır* ni hapana. Semeni kwa tabasamu na msogee. Waambieni watoto mapema kwamba wana ruhusa ya kukataa, wasikae wakitazama uso wa mama.

Mbwa na paka wamejaa barabarani. Ni hatari?

Paka ni wa mtaa mzima, wanalishwa na kila mtu, wanalala kwenye viti vya mikahawa. Mbwa wakubwa wenye kibandiko sikioni wamepita mikononi mwa halmashauri na kwa kawaida ni wapole. Msiwaguse. Yeyote akiumwa au kukwaruzwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Matapeli wa siku ya kwanza wakoje?

Mng'arisha viatu anaangusha brashi mbele yenu. Baba anaiokota kwa uungwana, yeye anashukuru kwa kumsafishia kiatu, kisha anadai fedha. Iacheni brashi. Kijana mwenye Kiingereza kizuri anayewasaidia njia ana "mjomba" mwenye duka la mazulia. Teksini, semeni kwa sauti thamani ya noti mnayotoa, isije ikabadilika kuwa ndogo mkononi mwa dereva. Muuza aiskrimu anayemnyang'anya mtoto koni mara tano si tapeli, ni mchezo wao. Aiskrimu yao ni nzito, inavutika. Ila mtoto mwenye usingizi atalia kweli.

Mtoto akipotea?

Mwandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu, na kadi ya hoteli iwe mfukoni mwake. Namba ya dharura ya polisi, gari la wagonjwa na zimamoto ni moja, 112. Sultanahmet kuna kituo cha polisi wa utalii.

Mtoto amepata homa usiku wa kwanza. Ni hewa tu?

Huenda. Lakini mmetoka kwenye nchi zenye malaria, na daktari wa Istanbul hatakuwa na sababu ya kuifikiria msipomwambia. Homa yoyote, siku hiyo au wiki zinazofuata, semeni sentensi hii kabla ya nyingine zote: tumetoka Afrika Mashariki, tunaomba kipimo cha malaria. Dawa ndogondogo zipo *eczane*, duka lenye herufi E nyekundu. Usiku, mlangoni mwa kila eczane hubandikwa jina la ile yenye zamu, *nöbetçi*.

Watoto hawataki kulala, jua bado lipo.

Wakati wa kiangazi fungeni mapazia mazito, waogesheni kwa maji ya vuguvugu, wapeni mtindi au supu, taa zizimwe. Waambieni pia kwamba kabla ya mapambazuko wataamshwa na adhana kutoka minara mingi, ikipokezana kilima kwa kilima. Hata watoto wa Zanzibar hushtuka.

Kesho tuanze wapi?

Angalieni ni siku gani. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na soko kubwa la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Siku yoyote nyingine, muwe mlangoni Topkapı linapofunguliwa, kabla mabasi ya makundi hayajafika.